Kuunda Timu ya Roboti Shuleni Itakayodumu: Mwongozo kwa Mwalimu Mlezi

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa sekondari mwenye wanafunzi wanaopenda kufungua vitu na kuvifunga tena, mwenye chumba kimoja kinachofungika kwa kufuli, na asiye na maabara ya roboti wala mfadhili. Hivyo ndivyo tulivyoanza sisi hapa Kigoma mjini, na hali ya wenzetu wengi wa Kasulu, Uvinza na hata Tabora haitofautiani sana na yetu. Nitaeleza hatua kwa hatua, lakini sitazipa hatua zote nafasi sawa, kwa kuwa zipo zinazomalizika kwa mazungumzo ya nusu saa na zipo zitakazokula muhula mzima.

Kwanza tukubaliane juu ya neno mafanikio. Vikombe na vyeti vina thamani yake, na mwanafunzi anayerudi nyumbani na cheti huwapa wazazi wake furaha ya kweli. Hata hivyo, timu ninayoihesabu kuwa imefanikiwa ni ile ambayo mwalimu mlezi akihamishiwa wilaya nyingine mwezi Machi, mwezi Aprili wanafunzi bado wanakutana, wanajua kila kifaa kilipo, na roboti yao inatembea. Niliwahi kufundisha katika shule moja iliyokuwa imepokea msaada wa vifaa vizuri vya roboti. Mwalimu aliyevipokea alihama, ufunguo wa kabati ukapotea katika makabidhiano, na kabati lilipofunguliwa baada ya miaka miwili betri zilikuwa zimevujia bodi na kuziharibu. Hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja shuleni aliyewahi kuvigusa vifaa vile. Karibu kila shauri nitakalotoa hapa chini limetokana na kabati hilo.

Kibali, mwalimu wa pili na ratiba

Nenda kwa mkuu wa shule ukiwa na karatasi moja tu, yenye lengo la klabu, idadi ya wanafunzi, siku za kukutana, chumba kitakachotumika, na jina la mwalimu wa pili atakayekuwa na ufunguo wake mwenyewe. Mwalimu huyo wa pili halazimiki kuwa wa Fizikia. Wa kwetu anafundisha Jiografia, naye ndiye anayejua kuliko mimi ni nani hajafika na kwa nini. Mshirikishe pia mwalimu wa taaluma tangu siku ya kwanza, kwa sababu matokeo ya Hisabati yakishuka yeye ndiye atakayeulizwa na wazazi.

Sisi hukutana Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tisa na nusu alasiri hadi saa kumi na moja jioni, na Jumamosi asubuhi kwa saa tatu. Hatuvuki saa kumi na moja, kwa kuwa wapo wanaotembea hadi Bangwe na Gungu na wanatakiwa wafike nyumbani kabla ya giza. Kalenda nayo ina sheria yake: kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo kazi nzito ifanyike kati ya Februari na Agosti, na kuanzia Septemba mzigo ubebwe na kidato cha kwanza na cha tatu. Timu iliyojengwa juu ya mabega ya kidato cha nne peke yao husambaratika kila mwaka na kuanza upya.

Kuchagua wanafunzi

Wanafunzi kumi hadi kumi na wawili wanatosha. Wakizidi hapo, wanaofanya kazi watakuwa watano na wengine watageuka watazamaji, na mtazamaji huchoka upesi.

Usichague kwa matokeo ya darasani pekee. Mimi humwambia kila anayetaka kujiunga alete kitu kimoja alichowahi kukitengeneza, hata kama hakikupona. Mwaka mmoja waliniletea taa ya sola iliyobadilishwa betri, redio ya babu iliyofungwa kwa mpira, gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye soli za ndala, na kiatu. Mwenye kiatu alikuwa amekishona upya kwa uzi wa kushonea nyavu, mishono sawasawa, bila kukaza mno hata ngozi ikachanika. Darasani alikuwa wa kawaida kabisa, lakini ndiye aliyekuja kuwa fundi wetu bora wa fremu, kwa kuwa vidole vyake vilikwisha kujua bolti inavyokazwa na mahali pa kuacha kukaza.

Nusu ya timu iwe wasichana, na hapa nasisitiza jambo ambalo nimeliona likiharibika mahali pengi: wasichana huingizwa kwenye timu kisha hupewa kazi ya kuandika na kupaka rangi, huku wavulana wakishika bisibisi. Dawa yake ni zamu isiyo na upendeleo. Gawa kazi katika makundi manne, yaani umbo, umeme, programu na kumbukumbu, kisha kila mwezi wahame. Mwishoni mwa mwaka kila mwanafunzi awe ameiva katika makundi mawili na ameonja yote manne. Zamu hizi huchelewesha kazi kwa wiki kadhaa, nami nakiri kwamba kila mara napata kishawishi cha kumwacha anayejua programu abaki na programu. Lakini siku akiugua malaria, ndipo timu nzima hugundua kwamba ilikuwa na mtu mmoja.

Sheria moja inamhusu mwalimu. Mwaka wetu wa kwanza nililehemu nyaya zote mwenyewe kwa kuogopa wanafunzi wasiungue na wasiharibu bodi. Siku ya maonyesho waya mmoja ulikatika, wanafunzi wanane wakageuka kunitazama, na hakuna aliyejua ulikuwa umetoka wapi. Tangu siku hiyo, mwalimu hagusi roboti. Akitaka kuonyesha namna ya kulehemu, anaonyesha kwenye kipande cha mazoezi, kisha anaweka mikono nyuma.

Vifaa na fedha

Moyo wa roboti za mwanzo ni bodi ndogo ya kudhibiti, na mimi napendekeza Arduino Uno. Bodi za Arduino zilianzia katika mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, zikiwa zimekusudiwa wanafunzi, na michoro yake iko wazi kwa yeyote, ndiyo maana viwanda vingine huzitengeneza kihalali na kuziuza kwa bei nafuu. Uno ina pini, yaani sehemu za kuchomekea nyaya, 14 za dijitali (za kuwasha na kuzima) na 6 za analogia (za kusoma kiwango), hufanya kazi kwa volti 5, na mahali pa kuuliza pindi mnapokwama ni pengi. Nunua tatu za bei nafuu badala ya moja ya bei kubwa. Moja itaungua, na afadhali iungue mikononi mwa anayejifunza kuliko izeeke kabatini.

Baada ya bodi, kifaa cha kwanza kununua ni mita ya kupimia volti na oomu, kabla hata ya mota. Bila mita mtabishana badala ya kupima. Kisha nunua vidhibiti mota, yaani vifaa vinavyopokea amri ya bodi na kuipa mota umeme, vihisi vichache, nyaya za kuchomeka, chuma cha kulehemu na risasi yake, na miwani ya kukinga macho. Kompyuta mpakato moja kwa wanafunzi wanne inatosha ikiwa programu zote zimepakuliwa mapema. Usitegemee bando la siku hiyo.

Vitu vingi havihitaji kununuliwa. Fremu ya kwanza ikatwe kwenye plaiwudi au kwenye dumu la mawese lililosafishwa vizuri, ambalo plastiki yake inakatika kwa kisu cha moto na haipasuki. Printa mbovu ina mota, gia na vyuma vilivyonyooka. Mafundi redio wa Mwanga, ukiwaendea kwa heshima na kuwaeleza kwamba ni za wanafunzi, huwa na boksi la vitu wasivyovihitaji.

Vitakavyobaki mtaviagiza Kariakoo, na hapo jiografia inaingia ndani ya mpango wenu. Kati yetu na Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na basi nalo lina siku zake. Kipuri kimoja cha shilingi elfu chache kikiungua Jumatatu kinaweza kuisimamisha kazi hadi wiki inayofuata. Kwa hiyo tengenezeni orodha ya muhula mzima, agizeni mara moja, na kila kinachoweza kuungua kiagizwe viwili.

Fedha zishikwe kwenye daftari linaloandikwa na mwanafunzi na kutiwa saini na mwalimu wa pili, lenye risiti zilizogandishwa. Kwa taasisi kama SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya ufundi stadi, ambazo zina ofisi na vyuo katika mikoa yetu, msiende kuomba pesa kwanza. Ombeni saa mbili za fundi na mashine yake ya kutobolea. Fundi aliyewahi kusimama na wanafunzi wako akiwaonyesha namna ya kushika tupa atawasemea mahali ambapo barua yako haifiki.

Wiki sita za kwanza

Wiki ya kwanza isiwe na kompyuta. Mpe kila mwanafunzi betri, mota na swichi, aifanye mota izunguke, kisha ageuze nyaya aone inazunguka upande wa pili. Katika kitendo hicho kimoja ameshaelewa roboti hugeukaje, na utaliona jambo hilo likimwingia usoni.

Wiki ya pili ni taa ndogo ya LED na kizuizi cha umeme, yaani kipande kinachopunguza mkondo. Hesabu ifanywe ubaoni kabla ya kuchomeka chochote: pini inatoa volti 5, taa nyekundu inachukua kama volti 2, zinabaki 3, na ukizigawa kwa oomu 220 unapata kama miliampea 14. Kisha waambie kwamba pini moja ya bodi hii haipaswi kubebeshwa zaidi ya miliampea 20 kwa kawaida, na kwamba 40 ndio ukomo wa kuiharibu. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii hatakuja kuchomeka mota moja kwa moja kwenye pini, kosa ambalo limeua bodi nyingi.

Wiki ya tatu ni programu ya kwanza, kuwasha na kuzima taa. Wasiandike kutoka ubaoni tu. Waambie wabadilishe namba moja na watabiri kwa sauti kitakachotokea kabla ya kuituma kwenye bodi.

Wiki ya nne ni kihisi cha mwangwi, kile chenye macho mawili ya duara, ambacho hupima umbali kati ya sentimita 2 na mita 4 hivi. Hapa somo la Fizikia linakuja mezani lenyewe. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, inakwenda na kurudi, kwa hiyo muda ugawanywe kwa mbili. Ndiyo asili ya kanuni ya kugawa mikrosekunde kwa 58 ili kupata sentimita. Usiwape 58 bure. Waache waitafute. Halafu waelekeze kihisi kwenye ukuta, kisha kwenye sweta lililoning'inizwa, kisha kwenye ubao ulioinamishwa, waandike kinachotokea. Sweta hunyonya sauti na ubao ulioinama huitupa pembeni, na hizo ndizo sababu mbili zitakazoifanya roboti yao igonge kitu ambacho wao wanakiona wazi.

Wiki ya tano na ya sita wajenge gari la magurudumu mawili yanayosukuma na moja linalofuata, lenye kukwepa vizuizi. Wajenge makundi matatu, magari matatu.

Umeme, mahali roboti nyingi hufia

Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Roboti nyingi za shule zinazokataa kufanya kazi zina programu sahihi na umbo zuri. Kilichokosekana ni umeme wa kutosha mahali panapostahili.

Jioni moja gari la kundi la pili lilikuwa likianza safari, linasogea shubiri moja, linasimama, kisha linaanza tena kama vile halijawahi kuondoka. Wavulana wawili walikuwa wameipekua programu kwa karibu saa nzima. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye mwezi huo zamu yake ilikuwa kumbukumbu na hakutakiwa kushika kitu, alikuwa ameinamia meza akitazama bodi badala ya magurudumu. Akasema, "Mwalimu, mota ikitaka kuondoka, ile taa ndogo ya bodi inafifia kwanza." Nikamwambia achukue mita. Akaweka ncha zake kwenye volti 5 na hasi, mwenzake akawasha, na wote tukaona namba ikiporomoka kila mota ilipojaribu kuondoka. Bodi ilikuwa inakosa umeme, inazimika, inawaka na kuanza programu mwanzo.

Sababu ni kwamba mota inapoondoka, au inapokwama, hudai mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko inapozunguka. Betri ndogo ya mraba ya volti 9, ambayo wanafunzi huipenda kwa sababu ya namba yake, haiwezi kutoa mkondo huo. Tumia betri nne za ukubwa wa AA, au zaidi, kwa ajili ya mota, na chanzo kingine kwa ajili ya bodi, kwa mfano pawabenki. Kisha unganisha hasi zote pamoja. Jambo hili la mwisho husahaulika kila mwaka: vyanzo viwili visivyo na hasi ya pamoja havielewani, na amri ya bodi haifiki kwenye kidhibiti mota.

Zingatia pia kwamba kidhibiti cha aina ya L298N, kinachopatikana kwa urahisi zaidi, hula takribani volti 2 kwa ajili yake chenyewe. Ukikipa volti 6, mota inapata kama 4. Na betri nne za kuchaji, kwa kuwa kila moja ina volti 1.2, hutoa 4.8 tu, sio 6. Hesabu hizi mbili zikikutana ndipo gari linapokataa kupanda hata kizingiti cha mlango.

Kuhusu betri za lithiamu zinazotolewa ndani ya betri za kompyuta zilizokufa, nazungumza kwa uzito wote. Zina nguvu na ni rahisi, na zinaweza kuwaka moto. Seli moja ikijaa ina volti 4.2, na haipaswi kushuka chini ya 3. Usiruhusu mwanafunzi kuilehemu moja kwa moja, kuichaji kwa chaja isiyo yake, kuiacha ichaji usiku chumbani, wala kutumia seli iliyobonyea, iliyochubuka au iliyovimba. Mwaka wa kwanza usizitumie kabisa.

Kutafuta tatizo la kwenu

Gari la kukwepa vizuizi ni shule. Mradi wa timu ni kitu kingine. Wapeleke wanafunzi mahali ambapo watu wanafanya kazi, wakae, watazame, waulize, na warudi na orodha ya mambo yanayowapotezea watu muda au mali. Sisi tulikwenda Kibirizi asubuhi, wakati dagaa wanaanikwa.

Wanafunzi waliamkia, wakasaidia kuanika, na ndipo walipoanza kuuliza. Walichorudi nacho ni hiki: wakati wa mvua, wingu moja likishuka wakati akina mama wamekwenda sokoni, dagaa wa usiku mzima wanaloa na bei inaanguka. Timu ikaamua kutengeneza kichanja kinachojifunika chenyewe kwa turubai mvua inapoanza.

Kihisi cha mvua walikitengeneza wenyewe kwa vipande viwili vya karatasi ya alumini vilivyogandishwa kwenye plastiki, mfano wa vitana viwili vilivyoingiliana meno bila kugusana. Tone likianguka katikati linaunganisha meno, mkondo mdogo unapita, na bodi inasoma namba kati ya 0 na 1023. Kikiwa kikavu, namba ilikuwa karibu na 0. Kikiloa, ilipanda hadi mamia. Ndani ya siku chache alumini ikaanza kulika upande mmoja, kwa sababu umeme unaopita katika maji muda wote humega chuma. Suluhisho lilikuwa kukipa kihisi umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde tu wakati wa kusoma, kila baada ya sekunde kumi.

Tatizo la pili lilikuwa umande. Alfajiri moja turubai lilijifunika bila hata wingu. Baada ya kubishana sana, mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alisema kwamba umande huja taratibu na mvua huja ghafla, kwa hiyo bodi isiulize kihisi kimeloa kiasi gani, iulize kimeloa kwa haraka gani. Wakabadilisha programu ilinganishe usomaji wa sasa na wa dakika moja iliyopita, na umande ukaacha kuwadanganya.

Mota ndogo za njano hazikuweza kuvuta turubai. Walipata mota ya waipa kwa fundi wa gereji, wakaiendesha kwa betri ya pikipiki ya volti 12. Mota hiyo hula ampea kadhaa, kiasi ambacho kingeiunguza L298N, kwa hiyo walitumia rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo wa bodi, wakaweka fyuzi karibu na betri, na swichi za ukomo pande zote mbili ili mota isimame turubai linapofika mwisho. Kabla ya swichi hizo kuwekwa, kamba ilikatika mara mbili.

Walipokipeleka Kibirizi, mama mmoja alikitazama kikijifunga, akatikisa kichwa na kuwaambia, "Wanangu, mvua ya huku hutanguliwa na upepo. Turubai lenu upepo utalibeba kabla tone halijaanguka." Alisema kweli. Walirudi wakashona mifuko ya mchanga kwenye pindo. Sitaki mwalimu yeyote aruke ziara hii ya pili, ile ya kurudisha kitu kwa wenyewe, kwa kuwa maelezo waliyoyapata pale katika dakika tano nisingeweza kuyatoa mimi kwa mwaka mzima.

Daftari la timu

Nunueni daftari kubwa lenye jalada gumu, kurasa zipewe namba, na karatasi isichanwe. Kila kikao, dakika kumi na tano za mwisho ni za kuandika: tarehe, waliohudhuria, kilichojaribiwa, kilichotokea, kilichopimwa na kwa kipimo gani, na nini kifanyike mara ijayo. Mchoro wa nyaya uonyeshe rangi ya kila waya na pini uliyochomekwa. Programu ihifadhiwe mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye flashi, ikiwa na tarehe kwenye jina lake.

Andikeni makosa kwa uangalifu uleule mnaoandikia mafanikio. Ukurasa wetu unaosomwa zaidi ni ule wa taa iliyofifia.

Kujaribu

Kwa miaka mingi mashindano makubwa ya FIRST nchini Marekani, taasisi iliyoanzishwa na Dean Kamen mwaka 1989, yalizipa timu wiki sita tu za kujenga roboti, kisha roboti ikafungwa. Masharti hayo yalikwisha kuondolewa, lakini nimeyaiga kwa namna yangu: wiki tatu kabla ya maonyesho yoyote, hakuna kuongeza kitu kipya. Wiki hizo ni za kujaribu peke yake. Roboti ifanye kazi yake mara 20 mfululizo, na matokeo ya kila mara yaandikwe. Ikishindwa zaidi ya mara mbili, mtafute sababu na mhesabu upya tangu moja. Jaribuni betri ikiwa imejaa na ikiwa nusu. Jaribuni ikiendeshwa na mwanafunzi ambaye hakuijenga.

Zaidi ya yote jaribuni mahali panapofanana na pale mtakapokwenda. Tuliwahi kuwa na roboti ya kufuata mstari mweusi iliyokuwa haikosei darasani jioni. Siku ya maonyesho tuliwekwa chini ya turubai mchana, mwanga wa jua ukiingia pembeni, na roboti ikawa inazunguka kama iliyopotea njia. Vihisi vyake vilitumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na jua lina mwanga huo kwa wingi. Wanafunzi waliiokoa kwa kukata karatasi nyeusi na kuzungushia vihisi mfano wa sketi, kisha wakavipima upya palepale. Sasa programu zetu zote za mstari huanza kwa sekunde tano za kupima weupe na weusi wa mahali tulipo.

Maonyesho na mashindano

Anzeni nyumbani: siku ya wazazi shuleni, kisha shule jirani. Baada ya hapo kuna Young Scientists Tanzania, ambayo hupokea miradi ya utafiti ya wanafunzi wa sekondari, na MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanzishwa mwaka 2019. Kimataifa ipo World Robot Olympiad, iliyoanza mwaka 2004 huko Singapore, na FIRST Global, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2017 mjini Washington, ambako kila nchi hupeleka timu moja ya vijana wa miaka 14 hadi 18 na nchi kadhaa hushindana zikiwa upande mmoja. Someni masharti ya mwaka husika kabla ya kujenga, sio baada.

Majaji huuliza wanafunzi, hawaulizi walimu. Kila mwanatimu aweze kueleza kwa dakika mbili sehemu ambayo hakuijenga yeye. Wafanye mazoezi ya kusema "hilo hatujalijaribu", kwa sababu jibu hilo likisemwa kwa utulivu linaheshimika kuliko jibu la kubuni. Kwa safari, pateni vibali vya maandishi vya wazazi na vya halmashauri mapema, na wasichana wasafiri na mwalimu wa kike. Bebeni kisanduku chenye bodi ya pili, nyaya, betri, chuma cha kulehemu na mita, kwa kuwa vumbi na mtikisiko wa njia vitalegeza kitu.

Kukabidhi

Mwezi Novemba au Desemba roboti ya mwaka ifunguliwe yote, hadi bolti ya mwisho, na wale walioijenga. Betri zitolewe na kuhifadhiwa peke yake mahali pakavu. Kila kipande kiwekwe kwenye kopo lenye lebo, orodha ya makopo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, na funguo mbili zikabidhiwe kwa maandishi mbele ya mkuu wa shule.

Januari, wanafunzi wapya wanapojiunga, wapeni makopo hayo na daftari. Wakubwa wakae chumba cha pili, na mwalimu akae kimya. Kazi ya wapya ni kuijenga upya roboti ya mwaka jana kwa kusoma tu. Mahali watakapokwama, waweke alama ya penseli pembezoni mwa ukurasa, na Alhamisi inayofuata wakubwa wauandike ukurasa huo upya.